Mpigo wa Tatu wa Ubao

Nilimwahidi Bi Maryamu kwamba siku nitakayokisimulia kijiji chake sitakisimulia nusu. Aliitaka ahadi hiyo akiwa kitandani, katika chumba cha juu cha nyumba yetu ya Malindi, Unguja mjini, dirisha likiwa wazi ili asikie watu wakipita chini kichochoroni. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuoni, nimejaa maneno makubwa juu ya historia na haki ya watu waliosahauliwa, naye alinisikiliza kwa subira hadi nikamaliza. Kisha akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Mbuzi utamtaja," alisema, "maana weye ulimpenda mbuzi. Na fedha utaitaja. Lakini siku ile nayo uitaje. Umenisikia?"

"Naam, Bi."

"Sema, nakuahidi."

"Nakuahidi."

Akafumba macho kama mtu aliyetua mzigo.

Wiki iliyopita mafundi walianza kutengeneza nyumba ya jirani. Walibomoa ukuta wa zamani, na harufu ya jiwe la matumbawe lililokaa gizani muda mrefu ikajaa njiani: harufu ya chokaa iliyolowa, ya chumvi iliyolala, ya ubaridi ambao jua halijawahi kuufikia. Nilisimama katikati ya kichochoro, vespa ikinipigia honi mgongoni, nisiweze kusogea. Harufu hiyo ilikuwa ya baba yangu. Hapo nikajua kwamba wakati wa ahadi umefika, kwa kuwa kijiji cha Bi Maryamu na baba yangu vimefungamana ndani yangu tangu utotoni, na anayekigusa kimoja humwamsha mwingine.

Baba alikuwa mchimba visima. Unguja ina nchi ya udongo mwema, penye minazi na mikarafuu, na ina nchi ya mawe, ambako jembe hugonga na kurudi. Riziki yake ilikuwa upande wa mawe. Aliondoka asubuhi na mtaimbo, sururu na kamba aliyoizungusha begani, na mahali ambapo watu walikuwa wamechoka kuitazamia mvua alishuka ndani ya jiwe polepole, shibiri kwa shibiri, hadi kichwa chake kikapotea machoni pa waliosimama juu. Mara moja alinichukua nikaone. Nilichungulia shimoni nikaona taa ndogo chini kabisa, na mlio wa chuma juu ya jiwe ulinijia umechelewa, kama unaotoka nchi nyingine. Niliita, "Baba!" Akajibu, "Naam!" na jibu lake likapanda likizunguka kuta kabla ya kunifikia. Sikuogopa. Jioni alipanda kwa kamba, mweupe kuanzia nyusi hadi vidole vya miguu, akicheka. Kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya akina baba wote: kushuka ardhini asubuhi, kupanda jioni.

Nami nilikuwa na kazi yangu. Kila alasiri Mama alinijazia ndoo ya maji, nikaikokota hadi mlango wa uani, nikaiweka pale pale siku zote, juu ya jiwe lililolika katikati. Baba akifika hakuingia ndani kwanza. Aliinama akajimwagia, na maji yaliyomtoka yalitiririka meupe kama tui la pili, yakaufuata mfereji hadi mguuni pa mti wetu wa mlangilangi. Ndipo uso wake ulipojitokeza, na ndipo siku ilipokuwa imekwisha.

Sisi tulikaa vyumba vya chini. Juu walikaa Bwana Saidi, fundi wa mitambo bandarini, na mkewe Bi Maryamu. Bwana Saidi alipelekwa kusoma Ulaya ya mashariki, nchi iliyokuwa ikiitwa Chekoslovakia, akarudi na ufundi na mke. Mke huyo alikuja na sanduku moja na kipande cha ubao. Kwao aliitwa Maria. Aliposilimu akawa Maryamu, na majirani walisema jina halikubadilika, limevaa kanga tu. Naye alivaa kanga. Alikuna nazi, alibishana bei ya samaki wa changu, alizungumza kama sisi. Alipokasirika tu ndipo ulimi wake uliporudi kwao. Hawakujaaliwa mtoto. Labda ndiyo sababu watoto wa kichochoro kizima tulikuwa wake.

Kipande kile cha ubao kilining'inia kwa kamba chini ya ngazi. Kilikuwa cha mti wa kwao, cheusi kwa uzee, kirefu kama mkono wa mtu mzima, na kando yake kilitungikwa kinyundo cha mti. Alasiri, mkate ukiiva, alikipiga. Sauti yake haikufanana na ngoma wala kengele. Ilikuwa kavu na safi, na ilipenya kichochoroni kuliko sauti ya mtu.

"Mbiu ya mgambo hiyo!" majirani walipaza sauti kutoka barazani. "Leo kuna jambo gani, Bi Maryamu?"

"Jambo ni mkate!" alijibu kutoka ngazini, nasi tukaja mbio.

Tulikaa ngazini, kila mmoja na kipande chake, naye akatuhadithia kijiji. Jina lake kwa lugha yao lilikuwa na maana ya Chini ya Jabali, nasi tukakiita hivyo. Kilianza kwa mbuzi. Hapo kale, alisema, mlimani hapakuwa na kitu ila misitu na mchungaji mmoja mwanamke. Asubuhi moja mbuzi wake alirudi kutoka kunywa maji kwenye chemchemi, na ndevu zake zilikuwa ziking'ara. Yule mwanamke alizifuta kwa shungi lake, na shungi nalo likang'ara. Ndivyo madini ya fedha yalivyojulikana, na ndivyo watu walivyokuja, na mitaimbo yao, na watoto wao, na nyimbo zao.

"Mbuzi wa fedha!" alidakia Mundhiri, mtoto wa nyumba ya tatu, aliyekuwa haachi neno lipite. "Basi kwenu pilau lenu lilikuwa na nyama ya pesa!"

"Tulikula viazi, Mundhiri," alijibu Bi Maryamu. "Fedha iliondoka na mikokoteni, viazi vikabaki. Usicheke, meza kwanza."

Nimesoma vitabu vingi tangu siku hizo juu ya mali ya nchi na wanaoichukua, na sijakutana na sentensi iliyoyasema yote kwa ufupi zaidi.

Alitueleza kwamba kabla ya baruti watu walilivunja jabali kwa moto: waliwasha kuni mbele ya mwamba hadi ukawaka, kisha wakaumwagia maji baridi, nao ukapasuka ukilia. Alitueleza kwamba walichimba maziwa juu ya mlima ili maji yazungushe magurudumu ya mitambo ya mgodi, na kwamba watoto waliogelea humo bila kujua kuwa wanaogelea ndani ya kazi ya babu zao. Alitueleza habari za wanawake waliokaa mezani kutwa wakichambua mawe kwa mikono, kama sisi tuchambuavyo mchele, na kwamba bibi yake aliweza kulitambua jiwe lenye fedha kwa uzito tu, akiwa amefumba macho. Wafalme walibadilika, bendera zilibadilika mlangoni pa mgodi, lugha ya makarani ilibadilika. Ngazi ya kushukia ilibaki ile ile. Karne baada ya karne walichimba, hadi mlima ukawa na uwazi ndani kama andazi. Chini mlikuwa na shimo kuu lililokwenda wima, na kutoka ubavuni mwa shimo hilo zilitoka njia za kulala, moja hii, moja ile, na kila mtu alikuwa na njia yake.

Nilikuwa nikisikiliza huku nimelala ubavu juu ya ngazi, shavu langu kwenye jiwe baridi, na mara nyingi usingizi ulinichukua hadithi ikiendelea. Ndotoni mlima ule ulisimama baharini, mbele kidogo ya meli za Malindi, mweupe. Bi Maryamu alikuwa ametuambia juu ya theluji, kwamba huanguka kimya na kufunika kila kitu kwa weupe, nami nikaelewa mara moja: ni vumbi la Baba. Niliona nchi nzima ya akina baba wanaopanda jioni wakiwa weupe, na hakuna aliyenishangaza.

Tena, baba yake Bi Maryamu alikuwa mpiga ubao wa kijiji. Ubao mzima ulikuwa mrefu kama mashua, ukining'inia mnarani, na kazi yake ilikuwa kuupiga ili watu wajue. Mpigo wa kwanza ulikuwa wa asubuhi, wa haraka, kama mvua juu ya mabati: amkeni, shukeni. Mpigo wa pili ulikuwa wa jioni, miwili miwili, na ulisema kwamba watu wanapanda. Wanawake wakiusikia waliteka maji na kuyaweka motoni, kwani waume na watoto wao wanarudi na uchafu.

"Na wa tatu?" niliuliza, kwa sababu alikuwa amesema mipigo ni mitatu.

"Wa tatu si wa watoto."

"Kwa nini, Bi?"

"N'shakwambia. Kula mkate."

Baba na Bi Maryamu walipendana kwa heshima ya watu wa kazi moja. Akipita ngazini jioni, amekwisha kuoga, alisimama kidogo.

"Ati, Bi Maryamu, huko kwenu mkikuta maji chini, mlikuwa mkifurahi au mkilia?"

"Tukilia, Bwana Makame. Maji yakiingia mgodini ni msiba."

"Basi kazi zetu kinyume. Miye nikiyaona maji nshamaliza, nnarudi kwangu."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachelewa kwisha. Bi Maryamu hakucheka. Alishikilia nguzo ya ngazi akimtazama.

"Kikohozi hicho nakijua," alisema. "Nenda hospitali."

"Vumbi tu hilo, Bi."

"Nalijua na vumbi."

Alikwenda hospitali, lakini akiwa amebebwa. Baadaye wakubwa wakaona bora apelekwe kwao Matemwe, kwa mama yake, ambako upepo wa bahari ungemfaa. Tukakaa huko muda ambao mimi nauona kama alasiri moja ndefu: Baba kitandani uani, kikombe cha maziwa ya mbuzi kikipoa, wanawake wakirudi kutoka pwani na mwani uliokuwa ukianikwa juu ya makuti, na harufu yake ikijaa kila mahali. Kisha asubuhi moja watu wakawa wengi, na Mama akawa hatoki chumbani.

Ami yangu alinibeba begani hadi makaburini ili nimwage mchanga kama mtoto wa kiume. Kutoka juu pale niliona kila kitu, na nilichokiona nilikitambua. Palikuwa na shimo lililokwenda wima, limechongwa katika mawe yale yale. Wanaume watatu walishuka ndani. Na chini, ubavuni mwa shimo, palichimbwa nafasi ya kulala, ndefu kama mtu, ambayo wakubwa waliita mwanandani. Shimo la wima, na kutoka ubavuni njia ya kulala. Walimteremsha Baba kwa shuka, wakamweka katika njia yake, kisha wale watatu wakapanda. Yeye akabaki. Kwa hiyo ameanza kazi, niliwaza. Na nikashangaa tu kwamba hakuchukua mtaimbo.

"Atapanda lini?" nilimwuliza Ami njiani.

Ami alilia muda mrefu kabla hajajibu. "Tutaonana naye, inshallah," alisema.

Jibu hilo lilinitosha. Mtu mzima aliyenipenda alikuwa ameniambia tutaonana. Kilichobaki ni kujua saa.

Tuliporudi mjini Mama alikaa eda. Alivaa nguo nyeupe, hakutoka nje, na majirani walikuja kwake kwa zamu, wakizungumza kwa sauti za chini, na wote wakinipapasa kichwa bila kuniambia neno. Mimi nilipanda juu kwa Bi Maryamu.

"Bi, piga wa pili."

"Sasa hivi? Mkate bado."

"Si wa mkate. Piga tu."

Alinitazama kwa huruma, akadhani mtoto anataka kitu anachokijua, akashuka akaupiga: miwili, miwili, miwili. Mimi nikajaza ndoo mwenyewe, nikaikokota hadi mlango wa uani, nikaiweka juu ya jiwe lililolika. Nikakaa chini nikangoja. Ua la mlangilangi lilianguka ndani ya maji, likazunguka, likatulia. Adhana ya magharibi ikalia. Jamaa aliyekuja kumsaidia Mama akaikuta ndoo, akaitumia kuoshea vyombo, akanishukuru kwa kuwa mtoto mwema.

Kesho yake nikaomba tena, na kesho kutwa. Nilikuwa na sababu zangu. Matemwe ni mbali. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka upande usiofaa. Na pengine ubao wa kipande hausikiki kama ubao mzima. Nikamwomba Bi Maryamu apige akiwa juu ya paa. Akakubali hata hilo. Tulisimama juu, kati ya mabati na minara ya mji, yeye na kinyundo, mimi nimeishika kamba kwa mikono yote miwili ili ubao uning'inie huru, na sauti ikatoka ikapita juu ya bandari, ikaelekea kaskazini. Niliifuata kwa macho kama mtu afuataye ndege. Nadhani sijawahi kuwa na matumaini safi kama yale, na ninapomwona mtu mzima leo ana imani na jambo lisilowezekana, siwezi kumcheka.

Mundhiri alikuwa akinitazama kutoka mlangoni kwao. Siku moja alinifuata hadi uani, akakuta nimekaa kando ya ndoo.

"Unamngoja nani weye, kila siku?"

"Baba."

"Babako kafa! Si kazikwa?"

"Kazikwa ndiyo," nilimwambia, na nakumbuka nilivyomwonea huruma kwa kutojua. "Lakini hajapandishwa."

Mundhiri aliinama akachungulia ndani ya ndoo. Nyuma yetu kitu kilianguka. Mama alikuwa amesimama mlangoni, katika nguo zake nyeupe, na sinia ya mchele ilikuwa miguuni pake. Aliitazama ndoo. Akanitazama. Kisha akainua uso kuelekea ngazi, na sauti aliyoitoa sikuwahi kuisikia.

"Bi Maryamu!"

"Naam!"

"Shuka. Tafadhali shuka."

Bi Maryamu alishuka akijifuta unga mikononi. Mundhiri alikuwa amekwisha kukimbia.

"Mwanangu umemwambia nini?" Mama aliuliza. "Anamtekea maji babake. Kila siku anamtekea maji. Umemwambia nini, Bi Maryamu?"

Bi Maryamu aliiona ndoo. Nilimwona akiiona. Mikono yake yenye unga ilishuka, naye akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa.

"Mola wangu," alisema. "Nimemwambia nusu."

Akaniita, nikaenda. Hakunipakata. Alinisimamisha mbele yake, uso kwa uso, na akamwomba Mama naye akae. Ndipo akatuhadithia siku ambayo miaka yote alikuwa akiiruka.

Alikuwa na kaka. Jina lake lilikuwa Jan, "kama Yahya kwenu," alisema. Asubuhi ya theluji ya kwanza Jan alishuka na wenzake. Ndani ya mlima, nyuma ya ukuta waliokuwa wakiuchimba, palikuwa na njia ya kale iliyosahauliwa, imejaa maji ya zama nyingi. Watu wa zamani waliiacha bila kuwaambia watoto wao mahali ilipo. Ukuta ukavunjika. Jioni baba yake alipiga mpigo wa pili kama kawaida, na wanawake wakateka maji. Wanaume walipanda, lakini si wote.

"Mama yangu aliweka maji ya Jan motoni," alisema Bi Maryamu. "Yakichemka akiongeza mengine. Siku hiyo, na iliyofuata, na majira yote ya baridi. Kuni zikatuishia, akavunja kiti. Na baba yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga mpigo wa tatu, wa wasiopanda tena, alikataa. Aliwapigia watoto wa watu, wake akashindwa. Alisema mkono hauinuki. Sote tukanyamaza, na mama akateka maji. Mpaka bibi yangu akamwambia: 'Unadhani unamhurumia mkeo? Umemfanya mtumwa wa sufuria.' Ndipo akapanda mnarani."

"Akapiga?" niliuliza.

"Akapiga. Na mama akaitoa sufuria nje, akaimwaga juu ya theluji."

Baada ya hapo, alisema, fedha ilizidi kupungua na mgodi ukafungwa. Watu waliteremka bondeni kwenye viwanda, na nyumba zikabaki na theluji yao. Ubao ulikatwa vipande, kila nyumba kipande, na baba yake akampa chake siku alipoolewa kwenda mbali. Alipotuhadithia sisi alitupatia mbuzi na yale maziwa ya kuogelea mlimani, kwa kuwa alitaka mahali pamoja duniani ambapo kijiji chake bado kinapanda jioni.

Kisha akanishika mabega. "Nisikilize. Baba yako amekufa. Yeye hafanyi kazi chini kule. Hatapanda leo, hatapanda siku yoyote, na hakuna ubao utakaomwita."

"Hata wako?"

"Hata wangu."

Nilimtazama Mama ili amkanushe. Mama alikuwa akilia, lakini hakumkanusha. Alitikisa kichwa kukubali, polepole, na hapo ndipo baba yangu alipokufa.

Bi Maryamu aliutungua ubao na kuushika mbele yangu kwa kamba. Mama akashtuka. "Kwetu maiti husomewa, Bi Maryamu. Hapigiwi kitu."

"Najua, mwanangu. Nami nimemsomea, na nitazidi kumsomea. Huu hapigiwi aliyelala chini. Hupigiwa walio juu, waache kuteka maji."

Mama aliutazama ubao. Kisha akafuta uso kwa ncha ya ukaya wake mweupe, akasema, "Basi mpe mwenyewe apige."

Mpigo wa tatu ni pigo moja, halafu kimya kirefu hadi udhani umekwisha, halafu pigo moja tena. Bi Maryamu alinionyesha mara ya kwanza tu. Zilizobaki nilipiga mimi. Nje kichochoroni mazungumzo ya barazani yalipungua, yakakatika. Nadhani hakuna aliyejua maana yake, na nadhani kila mmoja aliielewa. Kati ya pigo na pigo nilisikia maji yakidondoka mahali fulani, na winchi ya bandarini, na pumzi ya Mama. Mkono wangu ulipochoka, Mama aliinuka. Akaichukua ile ndoo kwa mikono miwili, akaibeba hadi mlangilangi, akaimwaga mguuni pake. Maji yalikuwa maangavu, hayana hata chembe ya weupe. Kisha akaifudikiza ndoo juu ya jiwe lililolika, akanikalisha juu yake, na akaanza kunieleza, kwa mara ya kwanza, jinsi Baba alivyoumwa.

Miaka ilipita kama ipitavyo. Nchi ya Bi Maryamu iligawanyika ikawa nchi mbili yeye akiwa jikoni kwetu. Alisikia habari redioni akauliza, "Mimi sasa wa upande gani?" Bwana Saidi akamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye gazeti, "Wa Malindi." Tulicheka sana siku hiyo. Hakurudi kwao kamwe. Kijiji, alisema, sasa kina nyumba zenye moshi chache mno, na vijana wake hawaijui habari ya mbuzi.

Tulimzika nilipokuwa bado likizoni. Siku zilizofuata nilipanda juu kila alasiri kumtazama Bwana Saidi, na kila nilipoingia nilikuta ametia chai vikombe viwili. Kimoja alikinywa. Cha pili kilipoa mbele ya kiti kitupu, juu yake utando mwembamba wa maziwa. Watu waliokuja kumpa pole walikiona na kukizunguka kwa macho, kwa adabu. Nami nilikizunguka. Nilikuwa mtu mzima, mwenye elimu, mwenye neno zuri kwa kila jambo.

Mwisho nilishuka, nikautungua ubao chini ya ngazi, nikapanda nao. Sikumweleza kitu. Nilisimama mlangoni nikapiga pigo moja, nikangoja, nikapiga tena. Bwana Saidi aliusikiliza hadi mwisho, ameinamisha kichwa. Alikuwa ameishi katika nchi ile, aliujua. Nilipoacha kupiga alikitazama kikombe cha pili muda mrefu, kisha akakisukuma upande wangu wa meza.

"Basi inywe weye," alisema. "Isipoe."

Nikainywa. Hiki ndicho kijiji chote cha Chini ya Jabali kama nilivyokipokea, pamoja na siku ile. Nawe uliyenisoma hadi hapa, nakuomba jambo moja. Kama nyumbani mwako kuna mtoto anayemngoja mtu ambaye hatarudi, mkalishe leo umwambie.